Duara lililokataa kufunga: Mokeira wa Tabaka na kioo cha jicho lake

Saa mbili kasorobo asubuhi, ukungu bado haujaondoka kwenye machimbo ya Tabaka, na Mokeira Omosa ameshalowa hadi viwiko. Mbele yake kuna karai la maji yaliyogeuka rangi ya uji. Ndani ya maji hayo kuna sahani ya jiwe, na juu ya sahani kipande cha msasa kinakwenda na kurudi chini ya kiganja chake bila haraka.

Ghafla jicho la kushoto linamwasha. Mkono unatoka majini, unapanda, unafika usawa wa kidevu.

"Okoboko!" wanapaza sauti wanawake watano kwa pamoja.

Mkono unasimama hewani. Mokeira anacheka, anaurudisha kwenye karai na kupepesa macho mara tatu nne mpaka mwasho unapita. Kazi inaendelea, na porojo pia.

Okoboko ni mkono kwa Ekegusii. Mgeni anayepita barabarani atadhani akina mama hawa wanacheza. Hawachezi hata kidogo. Mkono huo ukirudia mazoea yake ya zamani, Mokeira, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, huenda akapoteza jicho pekee linalomwezesha kufanya kazi anayoipenda kuliko zote, kazi ya kuchora.

"Hawa ndio askari wangu," anasema akiwaonyesha kwa kidevu. "Mimi mwenyewe sijiamini. Huu mkono uko na akili yake."

Kazi ya jiwe la sabuni ina ngazi zake. Wanaume huchimba na kuchonga. Omosa, mume wa Mokeira, ni mmoja wao, na akishika panga na patasi hugeuza bonge la jiwe kuwa sahani kabla chai yake haijapoa. Wanawake husugua kwa msasa na maji. Wachache wenye mkono mtulivu hupanda hadi kuchora. Sahani ikishasuguliwa hupakwa rangi nyeusi, kisha mchoraji huikwaruza kwa ncha ya msumari ulionolewa, na weupe wa jiwe ukachomoza kuwa twiga, mgomba au duara.

Mokeira alianza kusugua akiwa na miaka kumi na tisa, alipoolewa hapa kutoka Magwagwa, upande wa Nyamira, ambako alikua akichuma majani chai pamoja na mama yake. Sahani moja ya kusugua humpa shilingi ishirini, ya kuchora themanini. Lakini ukimsikiliza kwa muda utagundua kwamba hata wangebadilisha bei hizo, angechagua msumari.

"Kusugua ni kuondoa tu. Kuchora unaweka kitu ambacho hakikuwa," anasema.

Sasa, msuguaji hodari haangalii sahani. Hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya jiwe, na ukucha ukikwama mahali, anajua mkwaruzo umebaki. Ndiyo maana wasuguaji wa Tabaka hupiga soga siku nzima wakitazama barabara na bado sahani zikatoka laini kama shavu la mtoto. Na ndiyo maana macho ya Mokeira yaliweza kuharibika kwa miaka miwili bila mtu yeyote kushtuka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutoshtuka. Kidole gumba kilikuwa kinamfichia siri.

Siri ilitoboka kwa sababu ya sahani arobaini. Zilikuwa za mnunuzi mmoja aliyetaka kitu chepesi kabisa, duara moja jeupe kuzunguka ukingo. Mokeira alizichora kwa siku tatu. Mnunuzi alipozigeuza juani alikuta mstari unaanza pazuri, unazunguka pazuri, halafu ncha mbili zinapokaribia kukutana zinapishana kama watu waliokosana.

"Aliniuliza, 'Mama, hizi ulichora ukiwa kwa pikipiki?'" anakumbuka Mokeira. "Watu walicheka. Mimi pia nikacheka. Lakini moyo ulikuwa umeshuka mpaka kwa magoti."

Omosa aliulaumu msumari. Akamnolea mwingine, na mwingine tena. Duara likakataa kufunga.

Ndipo mambo madogo aliyokuwa akiyapuuza yakaanza kujipanga foleni. Kanisani siku ya Sabato, kila herufi katika kitabu cha nyimbo ilikuwa na kivuli chake. Mwezi ulikuwa na mikia miwili. Na kule kwenye sahani, mstari mmoja aliouchora ulimrudia jichoni kama mistari mitatu, naye alilazimika kuchagua ni upi wa kweli. Mara nyingi alichagua vibaya. Alinunua miwani sokoni Nyamarambe, haikusaidia. Akanunua ya pili, yenye fremu nzuri zaidi, nayo ikamsaidia kuonekana msomi tu.

Hatimaye mama yake alimtuma mjini Kisii, kwenye duka la miwani la Payal.

Payal amezaliwa na kukulia Kisii, katika moja ya familia za Kihindi zilizofungua maduka mjini humo siku nyingi. Anazungumza Ekegusii cha sokoni bila kukwama, na wateja humwita Mama Nishant, kwa jina la mwanawe. Alimpima Mokeira kwa lenzi hii na ile kwa karibu saa nzima. Hakuna lenzi iliyotuliza herufi.

"Bwakire, ile salamu ya asubuhi, iliisha, ikafika saa ya chakula," anasema Payal, ambaye naye humwita Mokeira kwa jina la bintiye. "Nikamwambia, Mama Nyanchoka, hii si kazi ya miwani. Ngoja nikuangalie na sahani ya mzee."

Sahani ya mzee ni kifaa alichoachiwa na baba mkwe wake, Bhupendra, aliyekuwa fundi wa miwani kabla yake. Ni kisahani cheusi chenye miduara myeupe, mmoja ndani ya mwingine, na katikati kuna tundu la kuchungulia. Mpimaji hukishika mbele ya jicho la mgonjwa na kutazama miduara ile inavyoakisiwa juu ya jicho. Jicho zima huirudisha ikiwa miduara mizuri. Siku hizi zipo mashine zinazofanya kazi hiyo kwa ufasaha zaidi, lakini Payal hajaistaafisha sahani ya mzee.

Katika jicho la kushoto la Mokeira, miduara ilikuwa imevutwa chini kidogo, umbo la yai. Katika jicho la kulia ilikuwa imebanana na kupinda hadi mmoja ulikuwa kama tone la maji linalotaka kudondoka. Payal akapiga picha kwa simu na kumwonyesha jinsi mbele ya jicho palivyopinda.

Mokeira aliikodolea macho ile picha. Maisha yake yote amechora miduara juu ya sahani nyeusi, na sasa sahani nyeusi ilikuwa imechora miduara juu yake.

"Swali la kwanza nililouliza si 'nitapona?'" anasema, akiona haya kidogo. "Nilimwuliza, 'Mama Nishant, hapo mbele ya jicho kumbe kuna kitu? Mimi nilidhani ni shimo la kuonea.'"

Kipo kitu, Payal akamweleza. Kinaitwa konea, kioo cha mbele ya jicho, na unene wake katikati hauzidi sana nusu milimita. Kinachomshangaza yeyote anayeambiwa kwa mara ya kwanza ni kwamba kioo hicho kimejengwa hasa kwa protini iitwayo kolajeni, ile ile inayoshikilia ngozi, kano na mifupa. Ndiyo inayofanya supu ya kwato igande ikilala usiku.

Hapo Mokeira akamkatiza Payal. Kama ni kitu kimoja na ngozi, mbona ngozi haipitishi mwanga na jicho linapitisha?

Payal anasema ameuza miwani kwa miaka ishirini na mbili na hakuna mteja aliyewahi kumwuliza hivyo. Jibu ni mpangilio. Katika ngozi nyuzi za kolajeni ni nene na nyembamba, zimelala ovyo, na mwanga ukiingia unatawanyika. Katika konea nyuzi ni nyembamba mno, unene wake unalingana, na nafasi kati yake zinakaribia kulingana. Protini nyingine zilizofungamana na sukari hukaa katikati yake kuhakikisha hakuna uzi unaomsonga mwenzake. Hakuna hata mshipa wa damu unaoruhusiwa kukatiza. Kwa utaratibu huo mwanga hupita moja kwa moja, na sisi tunaona.

"Nikamwambia, kumbe ni kama jiwe," anasema Mokeira. "Likitoka kwa tupa ni jeupe tupu, mikwaruzo imeenda kila upande, huwezi jua ndani kuna rangi gani. Ukisugua mpaka mikwaruzo iishe, unaona waridi, unaona mishipa ya kijivu. Jiwe ni lile lile."

"Nilimwambia karibu ni hivyo," anasema Payal. "Sikutaka kumharibia. Alikuwa ameelewa kuliko mimi nilipokuwa chuoni."

Jioni hiyo Mokeira alifanya jambo ambalo Omosa bado hajalisahau. Payal alikuwa amemtajia kwamba ute wa yai nao ni protini ndani ya maji, na kwamba moto ukiuvuruga huacha kupitisha mwanga. Basi akapasua yai, akalimimina kwenye kikaango, akainama juu yake kama mtu anayesoma barua. Ute ukaanza kufifia kando, weupe ukasogea katikati. Akaliondoa na kupasua la pili.

"Mayai manne," anasema Omosa. "Mimi nimekaa hapo nangojea chakula. Namwuliza, 'Mama Nyanchoka, tunakula ama tunasoma?' Ananiambia, 'Ngoja kwanza, imefika nusu.'"

Udadisi haukumwondolea ugonjwa. Kule Kisumu, katika hospitali ya macho alikoelekezwa na Payal, Dkt. Jacinta Nyabuto alimpima kwa mashine na kumtajia jina la ugonjwa huo, keratokonasi. Nyuzi za konea hulegea, zinaachiana, na kioo kinakuwa chembamba na kuchongoka mbele kama koni. Jicho la kulia lilikuwa limeenda mbali. La kushoto lilikuwa njiani, na kila baada ya miezi michache lilikuwa linapiga hatua.

Kisha daktari akamwuliza kama husugua macho.

Mokeira alijibu kwa fahari kwamba ndiyo, husugua, lakini kwa mikono safi. Mikono yake iko majini kutwa kucha, uchafu utatoka wapi? Ndivyo wanavyoamini wasuguaji wengi wa Tabaka. Vumbi ni la wachongaji wanaofanya kazi kavu. Anayefanya kazi ndani ya maji ameshanawa. Hakuna aliyewaza kwamba maji yale yenye rangi ya uji ni vumbi lile lile, limeloweshwa tu, na kwamba likiingia jichoni huleta mwasho, na mwasho humwita mkono, nao mkono unakuja na vumbi jingine.

"Na nilikuwa nasugua kwa kifundo cha kidole, kwa nguvu, mpaka nione nyota," anasema. "Ni raha, usiulize. Kwa miaka kumi na saba nimesugua sahani na macho, yote kwa mkono mmoja."

Dkt. Nyabuto ni mwangalifu asiutupie mkono lawama zote. "Si kila anayesugua macho hupata ugonjwa huu," anaeleza. "Wengine huzaliwa na konea iliyo rahisi kulegea, na hali hiyo hutembea katika familia. Kusugua kunaongeza kasi. Kwa hiyo namwambia mgonjwa, ulichorithi hatukiwezi, lakini mkono tunauweza."

Kwa jicho la kushoto kulikuwa na tiba. Madaktari hulowesha konea kwa matone ya vitamini ya rangi ya manjano, kisha humulika jicho kwa mwanga wa urujuanimno kwa karibu nusu saa. Vitamini na mwanga vikikutana, nyuzi za kolajeni hufungamana upya na konea hukakamaa. Daktari alimweleza wazi kwamba tiba hiyo hairudishi kilichopotea. Kazi yake ni kusimamisha. Na isiposimamisha, jicho la kushoto lingelifuata la kulia.

Mama yake Mokeira, kule Magwagwa, alipokea bonasi ya majani chai mwezi huo. Alikuwa amepanga kubadilisha mabati. Mabati bado ni yale yale.

"Aliniambia mvua anaijua, wamezoeana," anasema Mokeira. "Macho yangu ndiyo hajazoea."

Siku ya tiba Mokeira alilala kitandani akitazama nukta ya mwanga, rangi ya manjano ikijaa mbele yake. Muuguzi alitarajia ataogopa. Yeye alikuwa akiuliza kama nyuzi zinajua zishike uzi gani. Maumivu yalikuja baadaye, siku tatu za kukaa chumba cha giza na kitambaa usoni, na huko hakuuliza kitu.

Aliporudi kazini alikuwa na masharti mawili: miwani ya plastiki ya kuzuia maji wakati wa kusugua, na mkono usiguse jicho. Sharti la kwanza lilikuwa rahisi, ingawa miwani humbana na huivua kila baada ya muda aifute. La pili lilimshinda kabla ya saa nne asubuhi. Alijikuta anasugua bila kujua alianza lini.

Nyakerario, msuguaji mwenzake anayekaa karai la pili, ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza. Wengine wakadakia. Tangu siku hiyo imekuwa sheria ya uwanja, na ina faida ambayo hakuna aliyeitarajia.

"Ukishaanza kuangalia mkono wa mwenzako, unaona wako pia," anasema Nyakerario. "Juzi walinipigia mimi kelele. Sasa tuko na ndoo ya maji safi pale kando. Hakuna kugusa uso na ya karai."

Miezi sita ilipita hivyo. Mwezi uliopita Mokeira alirudi Kisumu kupimwa. Kabla ya tiba, mchongoko wa konea yake ya kushoto ulisomeka hamsini na moja kwenye mashine, ambapo jicho la kawaida huwa karibu na arobaini na nne. Ungepanda, mambo yangekuwa yameharibika.

Alikaa, akaweka kidevu mahali pake, akazuia pumzi. Dkt. Nyabuto alitazama skrini kwa muda ambao Mokeira anaapa ulitosha kupika ugali.

Hamsini na moja.

"Imesimama, mama," alisema daktari.

Mokeira aliangua kilio pale pale, kisha mkono ukapanda kufuta machozi, na daktari mwenyewe akaudaka njiani.

Kwa jicho la kulia Payal amemtafutia lenzi ngumu ya kuvaa juu ya konea, na akiivaa mistari mitatu hurudi kuwa mmoja na kivuli. Lakini vumbi la Tabaka na lenzi havipatani, kwa hiyo huivaa kanisani na mjini tu. Kwa kazi anategemea la kushoto, lenye miwani mipya. Wanunuzi bado hawajamrudishia sahani za kuchora. Anasugua, anangoja.

Jioni, nyumbani kwake nyuma ya machimbo, anatoa kitu kilichofungwa kwa kitenge. Ni sahani ndogo ya jiwe, imepakwa rangi nyeusi. Juu yake kuna miduara saba myeupe, mmoja ndani ya mwingine, na katikati Omosa ametoboa tundu. Ni sahani ya mzee Bhupendra, imezaliwa upya Tabaka.

Ameharibu kumi na moja kabla ya hii. Ukipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mistari yake, hutapata mahali ilipoanzia wala ilipoishia. Payal ameiona na kuisifu, kisha akamwonya kwamba si kifaa cha kupimia.

Mlangoni, pale penye mwanga, binti yake Nyanchoka, mwenye miaka kumi na moja, ameinamia daftari la hesabu. Tangu mgeni anayeandika haya afike, ameshasugua macho mara mbili, kwa kifundo cha kidole. Sasa inaeleweka kwa nini mama mtu aliharibu sahani kumi na moja.

"Nimemwangalia nayo," anakiri Mokeira kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza nikaona duara safi, nikalala vizuri. Siku ya pili nikaona imepinda, sikulala. Nikikwambia ni sawa, utasema ni mapenzi ya mama. Nikikwambia imepinda, ni uoga. Na jicho ninaloangalia nalo ni hili hili langu. Siwezi kuliamini kwa mtoto."

Kwa hiyo amepanga. Jumatatu ya kwanza shule zikifungwa Agosti, atampeleka Nyanchoka kwa Mama Nishant, na ikibidi, Kisumu. Bibi wa Magwagwa ameshaambiwa, naye amejibu kwamba mabati hayana haraka. Na kama miduara itaonekana imepinda kidogo, Mokeira anasema, basi kidogo ndiyo saa nzuri ya kuisimamisha. Yake ilisimamishwa ikiwa imeshaondoka na jicho moja.

"Mimi nilijua kuna kioo hapo baada ya kupasuka," anasema. "Yeye anajua sasa. Anajua mpaka protini. Mwulize, atakwambia."

Mlangoni, Nyanchoka amekwama kwenye hesabu ya sehemu. Anaweka kalamu chini, anapiga miayo, na mkono unaanza kupanda.

"Okoboko," anasema Mokeira, bila kupaza sauti.

Mkono wa mtoto unashuka, unaokota kalamu, na unaendelea kuandika.